Mnasubiri akonde ndo mjue anaumwa? Uzi kuhusu bulimia, watu wa Moshi na Arusha njooni hapa

JinoLaJuu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Mimi kazi yangu ni meno, tabibu meno, nipo Moshi mjini. Hii mada sio ya meno ila inapitia kwenye meno ndo maana nimeona niilete mimi kabla haijaletwa na muuza chai za kupunguza tumbo. Ntaandika ndefu, mwenye haraka apite tu hamna ubaya. Na kabla hamjaanza kuulizana ni nani, hapa simwongelei mgonjwa yeyote, ni mambo ya jumla.

Kuna ugonjwa unaitwa bulimia. Mtu anakula chakula kingi kupita kawaida kwa muda mfupi, mara nyingi kwa siri, anakula huku anajiona kabisa kwamba kuacha hawezi, akimaliza anajichukia, afu anatafuta namna ya kukifuta kile alichokula. Kuna wanaojitapisha, kuna wanaomeza dawa za kuharisha au za kukojoa, wengine wanashinda njaa siku nzima kama adhabu, wengine ni mazoezi mpaka wanakaribia kuzimia. Siku mbili tatu zikipita inaanza upya. Vitabu vya madaktari wa akili vinaweka mstari kwenye angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, lakini huo mstari ni wa daktari kuandika kwenye faili, we mzazi au rafiki usikae na kalenda unahesabu.

Ugonjwa wenyewe ulipewa jina na kuelezwa vizuri na daktari wa akili wa Uingereza anaitwa Gerald Russell mwaka 1979, kwahiyo kwenye vitabu sio wa zamani sana.

Sasa kinachofanya upite katikati yetu bila kuonekana ni uzito. Wengi wenye bulimia wana mwili wa kawaida kabisa na wengine ni wanene. Yule aliyebaki mifupa mnayemfikiria huo ni ugonjwa mwingine, anoreksia, ni ndugu ila sio huo. Na huku kwetu mtu akiwa na mwili hakuna wa kumuuliza kitu, utasikia "mwone alivonawiri, anakula vizuri huyu". Wakati mwingine hata hayo mashavu mnayoyasifia ndo dalili yenyewe, maana tezi za mate zilizopo chini ya masikio huvimba kwa mtu anayetapika mara kwa mara, uso unapanuka. Mama mkwe anafurahi mkwe kanenepa kumbe ni tezi.

Nirudi eneo langu. Mtu anakuja analalamika meno yanatia ganzi akinywa kitu cha baridi. Sisi watu wa huku meno ya kahawia tumeyazoea, hiyo ni madini ya floraidi ya kwenye maji, aliyekulia Maji ya Chai na pande zile za Meru anaijua, lakini rangi ile inaonekana kwa mbele na ilikuja na meno yanavoota. Nachoongelea mimi kipo nyuma ya meno ya mbele ya juu, upande unaogusana na ulimi. Tindikali ya tumboni ikipita pale tena na tena gamba gumu la jino linaliwa, jino linakuwa laini linang'aa, linakuwa jembamba mpaka ncha inapitisha mwanga, linamegeka kidogokidogo na kuwa fupi. Kama aliwahi kuziba, unakuta jino limeliwa pembeni na kile kizibo kimebaki kimesimama juu peke yake. Haitokei kwa wiki moja, ni miezi na miaka.

Na hapo pia simrukii mtu nikamwambia unajitapisha. Kiungulia sugu kinakula meno, mimba ya kutapika sana inakula meno, soda na ndimu kila siku navyo vinakula. Nachofanya ni kuuliza taratibu, mlango umefungwa na aliyemsindikiza yupo nje, kwamba kuna tindikali inagusa haya meno, huwa unatapika? Afu nanyamaza. Wengi wanasema ni vidonda vya tumbo. Sawa, naandika. Kuna ambao hurudi baadae wenyewe na stori nyingine.

Moja la meno ambalo hata asiyekiri chochote mwambieni, akishatapika kwa sababu yoyote ile asipige mswaki palepale. Asukutue na maji, akae nusu saa mpaka saa nzima ndo apige. Gamba linakuwa limelainika, ukisugua unalikwangua.

Dalili za nyumbani, hizi wazazi na mnaoishi na wenzenu ndo mnaziona kabla yetu. Kila baada ya kula lazima aende chooni na maji yanafunguliwa yanamwagika muda mrefu. Chakula kinapotea, sufuria la jioni lililokuwa na kiporo asubuhi ni tupu na hakuna aliyekula, mkate unaisha, sukari inaisha, maganda ya biskuti yamefichwa chini ya godoro. Mezani na watu anakula vijiko viwili, usiku peke yake ni mtu mwingine. Hela inaisha na haijulikani inaenda wapi. Sugu au vidonda juu ya vifundo vya vidole. Sauti ya kukwaruza na koo linalouma kila mara, macho mekundu kama kuna mshipa umepasuka, siku za hedhi zinavurugika. Anaongea juu ya mwili wake kutwa, anajipima uzito, anaahirisha sherehe kwa sababu "sina nguo inayonikaa". Dalili moja peke yake sio ushahidi wa kitu, naomba hili mlisome mara mbili, vidonda vya tumbo vipo kweli na mimba zipo kweli. Zikiwa zinakuja kwa pamoja ndo uanze kusogea karibu.

Madhara ya mwilini ntamwachia mtu wa wodini aje aeleze, najua wapo humu.

Mangi wa Mbuyuni

Mkuu heshima yako ila haya si magonjwa ya wazungu? Sisi huku tunahangaika kipate kuingia tumboni wao wanahangaika kitoke. Kamwambie bibi yangu Kibosho kuna mtu anatapika machalari kwa makusudi, atauliza ni wa ukoo gani ili tusioe huko.

JinoLaJuu

Mangi nimecheka ila kaa hapo nikwambie.

Fiji, nchi ya visiwa huko Pasifiki, walikuwa kama sisi kabisa, mwili mkubwa ndo heshima, mgeni akija anashindiliwa chakula na mtoto akipungua ukoo mzima una wasiwasi. Mwaka 1995 televisheni ikafika mkoa unaitwa Nadroga. Mtafiti wa Harvard, Anne Becker, akawauliza wasichana wa shule televisheni ikiwa ndo kwanza inaingia, aliyejitapisha kupunguza mwili hakuna hata mmoja. Akarudi 1998 akauliza wasichana wengine wa umri uleule, asilimia 11 wakasema wamewahi kufanya. Miaka mitatu tu na ilikuwa televisheni, TikTok hamna, chujio za kurefusha miguu kwenye picha hamna.

Na hata hapa Tanzania watafiti walishakuja kuwauliza wasichana na wanawake, matokeo yakachapishwa 2007, matatizo haya waliyakuta, na aliyekuwa karibu zaidi na televisheni na magazeti ya nje ndo alikuwa na matatizo zaidi. Hiyo 2007, Mangi, simu ya kugusa hukuwa nayo.

Afu tusisingizie wazungu peke yao, tunavyo vyetu. Angalia binti anayeelekea send-off. Miezi mitatu kabla fundi kashachukua vipimo, gauni limekatwa kwa mwili ambao bado hana, kamati ya kina mama wanamwambia "punguza mkono huo na tumbo". Ndoa ikipita, mwezi wa pili tu, walewale wanamwangalia, "mbona hujanenepa, mume hakutunzi?" Mtu mmoja, mwaka mmoja, anatakiwa awe na miili miwili. Na sisi Wachaga kuusemea mwili wa mtu ndo salamu yetu, unashuka kwenye gari hujaweka begi chini ushaambiwa umekuwa kibonge au umekwisha.

Asili Slim Chuga

Habari wapendwa 😍 kwa wenye changamoto ya kitambi na uzito tunayo chai ya mitishamba inasafisha utumbo na kutoa sumu zote mwilini, wiki mbili tu unaona matokeo, HAINA MADHARA ni asili, Arusha tunaleta mpaka mlangoni Moshi tunatuma kwa basi. Njoo inbox

JinoLaJuu

Mods tafadhali. Ila kabla hamjafuta acheni nimtumie kama mfano maana kaja mwenyewe.

Chai nyingi za "kusafisha" zinafanya kazi kwa jani linaitwa sena au dawa nyingine ya kuharisha. Sena kweli ni jani la asili na hospitali wanaitumia kwa mtu aliyefunga choo, kwa siku chache. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati sehemu kubwa ya chakula imeshanyonywa huko juu kwenye utumbo mwembamba. Kwahiyo unachoharisha ni maji na madini. Mzani unashuka kweli, kesho ukinywa maji unapanda, unanunua pakiti nyingine. Ukiizoesha utumbo miezi na miezi unaweza kufika mahali bila hiyo choo hakitoki. Na mtu mwenye bulimia hii kwake ndo silaha aliyotafuta, tena inauzwa kwenye stetasi za WhatsApp na emoji za upendo.

Nesi wa Zamu

Nimeitwa nimekuja, nipo kwenye daladala nitaandika kwa vipande vumilieni.

Kinachoweza kuua ghafla kwenye bulimia ni kuvurugika kwa chumvichumvi za damu. Ukitapika sana au kuharisha sana au ukimeza vile vidonge vya kukojoa, mwili unapoteza potasiamu. Potasiamu ndo inasaidia misuli kukaza na kulegea na moyo nao ni msuli. Ikishuka unaanza na uchovu usioeleweka, ganzi, misuli kubana miguuni, moyo kurukaruka, na ikishuka sana mapigo yanavurugika na moyo unaweza kusimama kwa mtu wa miaka 20 ambaye jana alikuwa anacheza kwenye sherehe. Huyo utasikia karogwa.

Na hapa ndo napenda mtoa mada alivyoanza na uzito, maana hii hali ya potasiamu haiangalii kama mtu ni mnene ama mwembamba. Anaingia dada ana mwili wake mzuri analalamika kuchoka, anaambiwa pumzika, kunywa maji. Ukijua au ukihisi kuna kutapika mwambie daktari kwa mdomo wako ili aagize kipimo cha damu cha madini na cha umeme wa moyo, bila kusema hatawaza huko. Vidonge vya potasiamu msijinunulie, ikizidi nayo inasimamisha moyo uleule.

Nyingine ni umio, ile njia ya chakula, inachanika kwa nguvu ya kutapika. Ukiona damu kwenye matapishi, au maumivu makali ya kifua baada ya kutapika, hiyo sio ya kusubiri asubuhi. Kuzimia pia. Figo nazo zinaumia kwa kukaukiwa maji miaka mingi. Nafika Kiboriloni nashuka ntarudi.

Nimerudi. Nilisahau la muhimu, kichwa. Wengi wana sonona au wasiwasi mkubwa pamoja na huu ugonjwa, na kuna wanaofikia kuwaza kujiua. Akitamka kitu cha namna hiyo usiseme anatafuta huruma, usimwache peke yake, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Chalii wa Sakina

Oya mi swali, na wanaume je? Maana hapa jimu kuna arif mmoja anakula sahani nne baada ya mazoezi afu anapotea chooni, afu anarudi kwenye mashine anakimbia saa nzima tena, tukimuuliza anasema anakata mafuta ya mwili kabla ya mashindano. Sisi tulikuwa tunamwona kamanda.

JinoLaJuu

Wanaume wapo, wachache kuliko wanawake kwa hesabu zilizopo lakini pia wanaume hawasemi na hawaulizwi. Uingereza kulikuwa na naibu waziri mkuu, John Prescott, mtu mkubwa wa mwili, alianzia kazi kama mhudumu wa melini, magazeti yalikuwa yanamtania kwa kula. Mwaka 2008 alitangaza kwamba aliishi na bulimia miaka mingi, tena akiwa kwenye siasa za juu kabisa. Mzee wa makamo, mnene, mwanasiasa. Nani angemwotea? Elton John mwanamuziki naye alishasema. Na Princess Diana, 1995, kwenye mahojiano na BBC alieleza hadharani. Kwahiyo sio mambo ya kukosa akili wala kukosa hela.

Kuhusu arif, sijui anaumwa au haumwi na we hujui. Usimuulize mbele ya washkaji kwenye mashine. Mkitoka mnatembea kuelekea kituoni mwambie ulichokiona tu, "nimekuona unarudi chooni kila ukila, uko poa kweli?" Akikataa muache, rudi siku nyingine.

sijaandika_hapa_kitambo

Nimesoma uzi huu mara ya tatu sasa nimeamua kuandika. Mi nimepitia, nikiwa chuo Arusha. Sitaelezea nilivyokuwa nafanya maana kuna anayesoma ili ajifunze, mimi mwenyewe nilikuwa nasoma vitu hivi ili nijifunze.

Ilianza na daieti ya kawaida. Nilikuwa nanyimwa kifungua kinywa na mimi mwenyewe, mchana nakunywa maji, kufika jioni mwili una njaa ya siku nzima na kichwa kimechoka, naanza na chapati moja nasema moja tu, afu ni kama kuna mtu mwingine kashika mikono. Nakula hata kisicho na ladha, ugali wa baridi, unga wa maziwa mkavu, mandazi ya mwenzangu chumbani ambayo asubuhi nilikuwa naungana nae kumtafuta mwizi. Baada ya hapo unafanya unachofanya, kuna kama nafuu ya dakika chache, afu aibu inakuja, na aibu inasema kesho usile kabisa ufidie. Na kesho usipokula jioni yake unajua mwenyewe. Boom (hela ya mkopo wa chuo) lilikuwa linaisha kabla ya wenzangu hata nusu hawajafika, nikawa na mikopo ya kwenye simu kwa ajili ya chakula ambacho sikubaki nacho.

Na nilikuwa nasifiwa. Sikuwa nimekonda, nilikuwa wa kawaida, nasifiwa tu kwamba uso umejaa.

Kilichonitoa, mwanasaikolojia niliyepelekwa kwake kwa habari ya sonona, wala sikuwa nimesema chakula, yeye ndo aliuliza "unakula vipi?" Hiyo tu. Matibabu niliyategemea yawe ya kuniambia niache kutapika, kumbe kazi ya kwanza ilikuwa KULA. Asubuhi, mchana, jioni na kitu kidogo katikati, kwa saa, hata kama usiku uliopita nimeharibu. Nilikuwa nalia kwenye uji. Lakini ile njaa kubwa ya jioni ilivyokosekana ule uvamizi nao ukaanza kupungua, kabla hata hatujaanza kuongelea mambo mazito ya nyumbani. Saivi nakula vizuri, kuna miezi migumu, mitihani na misiba.

Walionisaidia ni wale ambao hawakuongelea mwili wangu kabisa, wala kwa kusifia.

Mangi wa Mbuyuni

Dada pole sana aisee. Nafuta ile ya bibi wa Kibosho.

mama wa wawili, Pasua

Samahanini wapendwa mimi sio mwandishi. Binti yangu yupo kidato cha tatu bweni. Muhula uliopita matron alinipigia anasema anatapika, wakampima mimba haina, wakampa dawa za vidonda vya tumbo amemeza amemaliza. Amekuja likizo, kila tukitoka mezani anaingia kuoga. Kuoga mara tatu kwa siku na huku maji ya shida. Na hayo ya viporo mliyoyasema yote ninayo ndani. Mwili anao wala hajapungua ndo maana baba yake anasema namtafutia mtoto ugonjwa. Nianzie wapi, nimkamate nae akiwa huko bafuni?

JinoLaJuu

Shikamoo mama. Hapana usimkamate bafuni, naomba sana. Ukimfumania utapata ukweli wa dakika moja na uongo wa mwaka mzima, atahamishia pengine usipopaona.

Tafuta muda ambao sio wa chakula wala sio baada ya ugomvi, mkiwa wawili, kazi ya mikono inasaidia, mnachambua mboga au mnakunja nguo, hamtazamani usoni. Mwambie ulichokiona bila jina la ugonjwa, "nimeona ukila unaenda kuoga, nimeona unahangaika, sina hasira, nataka nikusaidie". Usimwambie angalia wenzako wanakosa chakula, hilo analijua na ndo sehemu ya aibu yake. Atakataa mara ya kwanza, karibu wote wanakataa. Mwachie mlango, urudi tena. Usifunge kabati la chakula na usihesabu vijiko vyake.

Ila kwenda hospitali usisubiri akiri. Sababu unayo, katapika muhula mzima, anahitaji kipimo cha damu na moyo kama Nesi alivosema. Anza na daktari wa kawaida, mweleze ukweli wako pembeni, uombe rufaa ya afya ya akili. Hapa Moshi hospitali za KCMC na Mawenzi wana huduma hiyo, wa Arusha Mount Meru. Kuna tiba ya mazungumzo inayofuata mpangilio maalum, mara nyingi vikao kama 20 ndani ya miezi mitano hivi, ndo yenye ushahidi mkubwa kwa bulimia, na kwa umri wa binti yako wazazi mnaingizwa ndani, baba yake naye aende. Kuna dawa pia, fluoksetini, ila dozi yake kwa ugonjwa huu kwa mtu mzima huwa kubwa kuliko ya sonona na kwa walio chini ya miaka 18 daktari anaangalia kwa makini zaidi, kwahiyo duka la dawa msijipimie. Na mtoto akiwa hataki kuongea na mtu anayemjua, namba 116 ya simu kwa mtoto ni bure.

Na meno, mlete kwa tabibu yeyote. Hatutamgombeza.

mama wa wawili, Pasua

Asante mwanangu. Na maombi je, baba yake anataka apelekwe akaombewe kwanza.

Nesi wa Zamu

Mama maombi na hospitali havigombani, mpeleke kote. Ila kufunga kula kwa ajili ya maombi HAPANA kwa mtoto huyu, mchungaji aelezwe hilo waziwazi na akiwa mtu wa busara ataelewa. Kufunga kwake ndo moto wenyewe, soma hapo juu alivosema yule dada. Na kwa Waislamu humu, mwenye hali hii aongee na daktari na shehe wake kabla ya Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa yake.

mama wa wawili, Pasua

Nimewaelewa. Alhamisi tunaenda hospitali nimeshamwambia ni kwa ajili ya tumbo, sijadanganya. Sasa lingine, Desemba tunapanda Marangu ukoo mzima, kuchinja, ndafu, kila nyumba unayoingia unakula. Na shangazi zake midomo yao mnaijua. Nimwache mjini?

JinoLaJuu

Kumwacha mjini peke yake na jiko ndo kubaya zaidi mama, aende na nyie. Muulizeni huko hospitali pia, ila kwa kawaida siku za sherehe ndo watu wanakosea kwa kumwambia mtoto usile asubuhi utakula nyama mchana. Anywe chai na kitafunwa chake asubuhi kama siku zote, mchana ale, jioni ale. Apakue mwenyewe, asipakuliwe sahani la heshima la kumalizia kwa nguvu. Baada ya kula kuwe na kitu cha kufanya na watu, karata, kuosha vyombo na binamu zake, kutembea mpaka kwa bibi, ule muda wa saa moja hivi baada ya chakula ndo mgumu kwake, asikae peke yake lakini pia asisindikizwe chooni kama mahabusu.

Shangazi wapigie simu kabla hamjafika. Huna haja ya kutaja ugonjwa, ni siri ya mtoto. Sema tu mwaka huu hakuna kuongelea mwili wa binti yangu, unene wala wembamba, wala kusifia. Wakikuona unaringa waache.

mama wa wawili, Pasua

Shangazi mkubwa mwenyewe anauza hiyo chai kwenye stetasi.

Mangi wa Mbuyuni

😂😂 Mama huyo anza nae leo usingoje Desemba, na pakiti zisipande Marangu.

JinoLaJuu

Mama nakuunga mkono kwa hilo, zikae kwake mjini. Na yule wa "sijaandika hapa kitambo", kama upo, nimekutumia ujumbe pembeni kuhusu lile jino ulilouliza inbox, linazibika, njoo na usinywe soda njiani.